Kiuno changu katika daftari la fundi

Fundi wangu wa nguo pale Buguruni ana daftari kubwa lililofungwa kwa mpira, na ndani yake wateja wake wote tumeandikwa kwa kalamu ya bluu: kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono. Hafuti kitu. Ukija kushonesha tena anafungua ukurasa wako, anapiga mstari chini ya vipimo vya zamani, anaandika vipya. Septemba 2022 nilikwenda kupimwa sare ya harusi ya binamu yangu. Alizungusha tepu kiunoni, akaivuta, akailegeza kidogo, akasema, "Dada, arobaini na moja." Akafungua ukurasa wangu ili aandike, nami nikachungulia.

2013, kiuno inchi 30. 2016, kiuno 34. 2019, kiuno 38. Sasa 41.

Fundi alikuwa anatabasamu, na furaha yake ilikuwa ya kweli. "Mji umekupenda, dada yangu. Ulikuja hapa kama kijiti." Maneno hayo nimeyasikia tangu mwaka wangu wa pili Dar es Salaam, na kila mara niliitikia asante. Siku ile sikuitikia. Nilimwomba nipige picha ukurasa ule kwa simu, akacheka, akanigeuzia daftari. Picha hiyo ninayo mpaka leo, na ndiyo iliyonisukuma kuandika. Katika miaka yote tisa, hakuna zahanati, hospitali wala duka la dawa lililowahi kunizungushia tepu kiunoni. Kumbukumbu pekee ya ugonjwa wangu ilitunzwa na fundi cherehani, naye hakujua kwamba anaandika ugonjwa. Hata mimi sikujua.

Kwetu ni Matombo, mkoani Morogoro, kwenye miteremko ya Uluguru, njia ya kwenda Kisaki. Shamba liko juu, maji yako bondeni, na kila unachokihitaji kipo upande wa pili wa mlima. Mtoto wa kike anajua kubeba kabla hajajua kusoma: kuni, maji, mkungu wa ndizi, mdogo wake. Nilipokuja mjini mwaka 2012 nilikuwa na miaka 25 na kilo 55, na sikuwahi hata siku moja kuita ile kupanda na kushuka "mazoezi". Yalikuwa maisha tu.

Krismasi ya 2014 nilirudi nyumbani nikiwa na mashavu. Mama alinishika uso kwa mikono miwili, akaita majirani. "Njooni mwone, mwanangu amekuwa mtu." Kwetu mtu akienda mjini akarudi vilevile alivyoondoka, anaonewa huruma. Akirudi amenenepa, ukoo mzima unapumua. Unene ni barua inayosema kwamba huko aliko anakula, analala, hana deni linalomkosesha usingizi, na kama ana mume basi anatunzwa.

Lakini kuna jambo lingine chini ya furaha hiyo, na nadhani wenzangu wa rika langu wanalifahamu hata kama hatulisemi. Mjomba wangu, kaka yake mama, alifariki 1994. Alikonda miezi minane mbele ya macho yetu sote. Nilikuwa mdogo, ila nakumbuka jinsi watu walivyokuwa wanamtazama mikono na shingo badala ya kumtazama usoni. Miaka ile dawa za UKIMWI kwetu hazikuwepo, na jirani zetu wa Uganda waliuita ugonjwa huo silimu, kwa sababu ya kule kukonda. Huku kwetu mtu akipungua walisema amekanyaga miwaya. Kizazi kizima kilijifunza kusoma afya ya mtu kwa wembamba wake. Ukiwa na mwili, uko salama; ukipungua, watu wanahesabu miezi. Ndiyo maana wataalamu wanapokuja na neno lao, kiribatumbo, yaani unene uliopitiliza, na kutuambia kwamba ni ugonjwa, mtaani halishiki. Mtaani tuna kunawiri, kupendeza, kuwa na mwili wake. Mwanamume tunampa kitambi, na kitambi ni cha mwenye nazo.

Tangu 2014 nafanya uwakala wa fedha za simu. Kibanda changu ni cha mbao na bati. Nikinyoosha mikono nagusa kuta zote mbili. Ndani kuna kiti cha plastiki, simu nne, daftari la miamala na droo. Nafungua saa moja asubuhi, nafunga saa tatu usiku. Wakala haachi kibanda. Ukitoka dakika kumi mteja ameshakwenda kwa jirani, na fedha zilizo ndani nyingi ni za mkopo, huwezi kumwachia mtu. Hata chooni nilikuwa naenda mara mbili kwa siku, na kwa kukimbia. Baadaye, nilipoanza kuhesabu hatua kwa simu, siku ya kawaida ya kazi ilinipa hatua 1,900. Matombo nilikuwa namaliza hizo kabla ya chai.

Na kwa kuwa mimi sitoki, chakula kilinifuata. Asubuhi kijana wa chai anapita na chupa ya chai ya maziwa, sukari ameshaiweka kabisa, na chapati mbili kwenye gazeti. Saa nne soda. Mchana sahani ya wali maharage ya mama lishe, mlima wa wali na maharage pembeni. Saa kumi soda nyingine. Jioni chipsi mayai kutoka ng'ambo ya barabara, kwa sababu nikifika nyumbani saa nne usiku sina nguvu ya kuwasha jiko. Na mara nyingi nikifika nakuta ugali, nakula tena, nalala. Nataka lieleweke hili: sikuwa mlafi. Nilikuwa nakula kama kila mtu katika mtaa wa vibanda anavyokula. Soda niliinunua kwa sababu ilikuwa baridi, na mtu aliyewahi kukaa ndani ya bati mwezi wa pili Dar es Salaam anajua baridi ina thamani gani. Sikujua kwamba chupa ya mililita 350 ina sukari takriban gramu 37, yaani kama vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama vijiko sita. Mimi nilikuwa navimaliza kabla ya saa tano.

Shangazi yangu, aliyenipokea mjini, alikatwa mguu chini ya goti mwaka 2019. Alikuwa na kidonda unyayoni ambacho hakukihisi. Alikiona kwa bahati, alipoona damu kwenye kandambili. Kwa miaka alikuwa anasema miguu inachoma usiku, tukamwambia ni uchovu, ni umri, akajipaka mafuta. Alikuwa mwanamke mkubwa, mzuri, wa kupendeza, ambaye akiingia ukumbini kwenye shughuli watu wanamsogezea kiti cha mbele. Sukari yake ilipopimwa kwa mara ya kwanza mashine iliandika 22. Daktari alisema huenda ugonjwa ulikuwa ndani yake kwa miaka mingi. Shangazi aliuliza, "Sasa mbona sikuwa naumwa?" Swali lile lilibaki kichwani mwangu, na lilirudi kwa fundi, nilipokuwa nasoma 30, 34, 38, 41.

Novemba 2022, wiki ya Siku ya Kisukari Duniani ambayo huadhimishwa tarehe 14, kulikuwa na upimaji wa bure karibu na kwetu. Nilifunga kibanda saa mbili nzima, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Presha 146 kwa 94. Muuguzi akaniuliza kama nina maumivu ya kichwa. Nilikuwa nayo miaka miwili. Zahanati moja ya mtaani ilinipa vidonge vya maumivu mara tano au sita na haikuwahi kunifunga ile mashine ya mkono. Nilimwambia. Alinitazama, hakusema kitu, akaandika. Akanizungushia tepu: sentimita 104. Akaniambia nirudi asubuhi nyingine sijala kitu tangu usiku.

Nilirudi. Kilo 79, urefu mita 1.58, na kwa hesabu ya uzito ukigawanywa kwa urefu uliozidishwa kwa urefu wenyewe inakuja karibu 32. Kuanzia 30 ndiyo wanaita kiribatumbo. Lakini daktari, kijana wa umri wangu, aliiweka pembeni hesabu hiyo. Alisema hesabu ile ina mizizi kwa Quetelet, Mbelgiji wa miaka ya 1830 aliyekuwa anatafuta wastani wa watu na hakuwa anatibu mtu, na kwamba haijui tofauti ya mnyanyua vyuma na mtu mwenye kitambi. Akachora mistari mitano kwenye karatasi. Kiuno: kwa mwanamke hatari inaanza sentimita 80, na inakuwa kubwa kuanzia 88. Presha: 130 kwa 85. Sukari kabla ya kula: 5.6, mimi 6.4. Mafuta ya trigliseridi: 1.7, mimi 2.3. Lehemu nzuri, yaani kolesteroli njema, ile inayotakiwa isiwe chini ya 1.3 kwa mwanamke, mimi 1.0. "Mtu akigusa mitatu kati ya hii mitano," alisema, "tunasema ana sindromu ya metaboli. Wewe dada umegusa yote." Sukari ya 7.0 ndiyo ingekuwa kisukari. Nilikuwa nje ya mlango, mkono uko kwenye kitasa.

Nilikwenda nyumbani nikafungua picha ya daftari. Inchi 34 ni sentimita 86. Kumbe mstari wa kwanza nilikuwa nimeshauvuka 2016, mwaka ambao nilisifiwa kuliko mwaka mwingine wowote wa maisha yangu.

Nilitaka kuelewa kinachotokea mle ndani, na nilielewa kwa lugha ya kazi yangu. Wakala ana droo na ana kasiki. Fedha zikizidi kwenye droo anazipeleka kwenye kasiki, na hapo hazimdhuru mtu. Mafuta yaliyo chini ya ngozi, ya mapajani na ya nyonga, ndiyo kasiki ya mwili. Kila mtu amezaliwa na yake, kubwa au ndogo. Ikijaa, mwili hauachi kupokea. Unaanza kusundika mafuta mahali pasipo pake: kati ya matumbo, kwenye ini, kwenye misuli, hata kwenye kongosho. Insulini, homoni inayotoka kwenye kongosho, inafika kwenye misuli na kwenye ini, inabisha hodi, sukari ipokewe; waliomo ndani wamejaa, hawaitikii. Kongosho inatoa insulini zaidi, inabisha kwa nguvu zaidi, na kwa miaka kadhaa inafanikiwa. Hiyo ndiyo miaka ya kusifiwa. Vipimo vya sukari vinatoka vizuri au karibu na vizuri, wakati kongosho inafanya kazi ya watu wawili. Ikichoka, sukari inapanda, na hapo ndipo mtu anasema "nimepatwa na kisukari" kana kwamba kilikuja jana. Shangazi hakuwa anaumwa kwa sababu kongosho yake ilikuwa inamfichia.

Hii inaeleza pia kwa nini yuko baba mmoja mtaani kwetu, mikono myembamba, miguu myembamba, kitambi kidogo tu mbele kama bakuli, naye ana kisukari, wakati kuna mwanamke mwenye nyonga pana ambaye vipimo vyake ni safi. Kasiki zao hazilingani. Tepu ya kiunoni inaona jambo ambalo mizani haioni.

Baada ya hapo nikaanza kusoma, usiku, kwa simu, pole pole na kamusi pembeni. Utafiti mmoja ulinikalisha. Ulichapishwa 2010, na watu wake ni wa kwetu: watafiti waliwapata watu 209 wa vijijini Morogoro waliokuwa wanajiandaa kuhamia Dar es Salaam, wakawapima kabla hawajaondoka, wakawafuata mjini mwaka mzima. Katika miezi 12 wanaume kwa wanawake waliongezeka wastani wa kilo 2.3. Wanaume wanaofanya kazi nzito za mwili walishuka kutoka karibu asilimia 79 hadi 26. Wanawake kutoka 38 hadi 16. Nilisoma nikamwona msichana wa 2012 na begi lake la shangazi kaja. Kilo mbili na kitu kwa mwaka ndiyo hesabu yangu kamili, kilo 55 hadi 79 kwa miaka kumi. Lakini utafiti ule ule ulikuta pia kwamba mjini watu walikula matunda na mboga zaidi kuliko kijijini, trigliseridi zao zilipungua, na presha ilishuka kwa wanaume na wanawake. Kwa hiyo siwezi kuandika hapa kwamba mji ni sumu na kijiji ni dawa. Nilichokiona ni kwamba mji ulitupa chakula, jambo zuri, na kwa mkono mwingine ukatunyang'anya miguu.

Na sisi si wachache. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti Donald McLarty, Andrew Swai na wenzao walipima zaidi ya watu 6,000 katika vijiji sita vya Tanzania. Wenye kisukari hawakufika asilimia 1. Mwaka 2012 ulifanyika upimaji wa kitaifa wa watu wa miaka 25 hadi 64, mjini na vijijini, na sukari iliyopanda ikakutwa kwa asilimia 9.1, presha kwa karibu 26, uzito uliozidi kwa 26. Watu hawalingani umri wala makazi, hivyo namba hizi mbili hazipaswi kuwekwa kwenye mzani mmoja kama mchele. Ila mwelekeo wake hauhitaji miwani. Kwa wanawake wa miaka 15 hadi 49 uzito uliozidi ulitoka asilimia 22 mwaka 2010 hadi 28 mwaka 2015-16, na mjini hali ni nzito zaidi. Kenya ilishafika 33 mwaka 2014.

Ushauri niliopewa ulikuwa mfupi: punguza kula, fanya mazoezi. Daktari hakukosea. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2002, watu 3,234 waliokuwa kama mimi, sukari juu lakini haijafika kisukari. Waliosaidiwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari ya kuingia kisukari kwa asilimia 58. Waliopewa vidonge vya metformini, dawa ya kushusha sukari, walipunguza kwa 31. Asilimia 7 yangu ni kilo tano na nusu. Siyo ndoto. Lakini wale walikuwa na mtu wa kuwashika mkono wiki kwa wiki, na neno "tembea" halimwambii mwanamke wa Vingunguti atembee wapi, saa ngapi, na pochi aiweke wapi.

Mwaka 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi nchi nzima, nami nililipenda jambo lile. Ila Jumamosi ndiyo siku yangu ya kamisheni kubwa. Nilichofanya ni kuacha daladala. Kutoka ninapoishi hadi kibandani ni mwendo wa dakika 40. Saa kumi na moja na nusu alfajiri giza bado, mitaro iko wazi, bodaboda hawakuoni, na mwanamke peke yake ni mawindo. Kwa hiyo nilimtafuta jirani anayekwenda kufanya usafi ofisini, tukakubaliana kutoka pamoja. Baada ya mwezi tukawa wanne, na sasa tuko saba, wawili wana sukari tayari. Tunatembea katikati ya barabara za mtaa kwa sababu pembeni hakuna pa kukanyaga. Yeyote anayesema watu wa mjini ni wavivu wa kutembea aje atembee nasi siku ya mvua. Mimi naamini kabisa kwamba njia ya waenda kwa miguu, yenye taa, ni dawa ya presha, na inapaswa kudaiwa kwa sauti ileile tunayodai vidonge.

Chakula kilikuwa kigumu zaidi kuliko miguu. Nilimwambia mama lishe anipunguzie wali nusu, aniongezee mchicha na maharage. Alishika mwiko hewani. "Hela yako itakuwa imepotea, mwanangu. Elfu mbili kwa majani?" Kwake wali ndiyo bidhaa, mboga ni salamu. Ilichukua wiki tatu akubali kwamba simlaumu kwa upishi. Nyumbani nilirudi kwenye dona, nikaacha sembe, na jambo la ajabu ni kwamba ilibidi nijitetee, maana dona kwa watu wengi ni chakula cha shule na cha jela. Chai nikaizoea bila sukari baada ya siku kama ishirini za huzuni. Soda niliiacha siku moja na sikuirudia, maji nayagandisha usiku nabeba chupa mbili. Na chakula cha pili cha usiku nilikiacha, hicho ndicho kilichonifanya nilie.

Miezi sita ya kwanza nilipungua kilo nne. Na hapo ndipo lilipoanza lile ambalo daktari hakunionya.

Mteja wangu wa siku nyingi, mzee wa heshima, alinipa fedha kupitia dirishani akaninong'oneza, "Pole, binti yangu. Mungu ni mwema." Nilidhani amesikia msiba. Wiki ile ile mwanamke wa saluni ya jirani aliniuliza kama nyumbani kuna amani. Rafiki yangu wa kikundi cha kuweka na kukopa alinivuta pembeni, akanishika mikono yote miwili, akasema siku hizi dawa zipo, watu wanaishi, nisijifiche. Machozi yalikuwa yanamlenga. Alikuwa anamaanisha upendo mtupu. Nilimwonyesha karatasi yangu ya kliniki. Niliona macho yake yanatafuta jina la ugonjwa mwingine. Mikopo yangu kikundini ilicheleweshwa mwezi ule, na nilijua kwa nini.

Hilo lilinitesa kuliko njaa. Nilipougua nilipongezwa miaka tisa. Nilipoanza kupona nikapewa pole. Nilielewa kwa nini shangazi, alipoambiwa na daktari apungue, alirudi kwenye ugali wake baada ya miezi miwili. Siyo kwamba hakuwa na nia. Alikuwa mfanyabiashara, alikuwa mama wa shughuli, na kupungua kungemwondolea watu. Kabla hatujamwambia mtu mzima apunguze mwili, tunapaswa kujua tunamwomba alipe nini mbele ya macho ya jamaa zake. Nilimwuliza shangazi mwenyewe. Alikuwa amekaa barazani, mguu wa bandia umeegemea ukuta, anachambua mchele. Akasema, "Walikuwa wananiita mama mwili, mwanangu. Ningekuwa nani bila mwili?"

Desemba 2023 nilikwenda Matombo. Kilo 72, kiuno inchi 37, sukari 5.5, presha imetulia kwa kidonge kimoja kila asubuhi. Bado niko juu ya mstari, nalijua hilo. Mama aliniona nikishuka kwenye basi akaanza kulia kabla sijamsalimia. Hakunishika mashavu, alinishika kifundo cha mkono akizungusha vidole vyake, kama alivyokuwa akimpima mjomba. Usiku ule sikumpa maelezo mengi. Nilitoa tepu niliyonunua kwa fundi, nikajipima mbele yake, nikamwonyesha picha ya daftari, namba kwa namba. Alikaa kimya. Kisha akasema, "Nipime na mimi."

Kiuno cha mama inchi 30, akiwa na miaka 64, ile ile niliyokuja nayo mjini. Nilikuwa nimebeba mashine ndogo ya presha, nikamfunga mkono nikiwa na uhakika wa nitakachokikuta, kwa sababu mama hajawahi kukaa kwenye kiti zaidi ya misa moja. Mashine iliandika 164 kwa 98. Nilipima tena baada ya robo saa. 160 kwa 96. Asubuhi, 162. Mwembamba, mpanda mlima, hajui soda. Tulishuka pamoja hadi kituo cha afya, tukakaa kwenye benchi moja tukiwa wagonjwa wawili wa ugonjwa mmoja, na mganga akarudia kipimo, akamwandikia dawa na kumwambia apunguze chumvi kwenye mboga. Njia yote ya kurudi mama alinitangulia na mzigo wake kichwani. Mimi nilikuwa nahema nyuma. Alisimama mara mbili kunisubiri.

Siku hizi ananipigia alfajiri. Kwao mtandao unashika ukipanda hadi kwenye mwembe, kwa hiyo namsikia anavyovuta pumzi. Mimi nakuwa njiani na wenzangu, tumeshapita machinjio.

"Umekunywa?" namuuliza.

"Nimekunywa. Na wewe?"

"Nimekunywa, mama."

"Uko wapi? Nasikia pikipiki."

"Natembea."

"Haya. Tembea, mwanangu, nami nakwenda shambani."